Uyoga wa Chini ya Mbau

Kasindi, Jumanne 1 Aprili 2025

Alhamisi iliyopita, tarehe 27 Machi, IUCN ilitangaza kwamba Orodha Nyekundu sasa ina spishi 1,300 za kuvu zilizochunguzwa, na angalau 411 kati yake ziko hatarini kutoweka. Nimeisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa nimekaa juu ya gunia la kakao, lori letu likingoja zamu pale Lubiriha, kwenye mpaka wa Uganda. Kilimo na miji inayopanuka vinazitishia 279. Ukataji wa misitu unazitishia 198. Haya si mambo ya kusomea kwenye simu, ninayaona nikiinua kichwa.

Kilichonishtua ni idadi ya kwanza. Wataalamu wa bustani ya Kew walikadiria mwaka 2023 kwamba duniani kuna aina milioni 2.5 za kuvu, na zilizokwisha kupewa jina la kisayansi ni 155,000 hivi. Katika hizo zenye jina, 1,300 ndizo zilizopimwa kama zina uhai wa kesho. Tembo wa Virunga wanahesabiwa kwa ndege. Uyoga unahesabiwa na nani? Na hapa kwetu, kati ya Butembo, Beni na mpaka huu, ni nani atakayesema kwamba aina fulani ilikuwepo na sasa haionekani, isipokuwa wale mama wanaoichuma?

Lori limepita saa kumi jioni.


Bulongo, Alhamisi 3 Aprili

Kupima mashamba tangu asubuhi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kakao isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha nukta moja kwenye ramani. Likizidi hapo, mpaka wake wote uzungukwe kwa miguu. Wakulima wa huku karibu wote wako chini ya hekta 4, kwa hiyo nasimama katikati ya mikakao, nabonyeza simu, naandika jina, nahamia kwa jirani. Sheria ilikuwa ianze kutumika mwisho wa 2024; wameisogeza mwaka mzima. Mzee mmoja amecheka kusikia hivyo. “Njaa ya chokoleti ikiwashika wataisogeza tena, Mama Agronomu.”

Mzee huyohuyo alinionyesha mahali palipokuwa na robusta ya baba yake. Mnyauko wa kahawa unaletwa na kuvu, Fusarium xylarioides, iliyoonekana mara ya kwanza Afrika ya Kati mwaka 1927, ikadhibitiwa, ikazuka upya huku Kongo na kuvuka hadi Uganda mwaka 1993. Watu waling’oa mibuni, wakachoma, na miaka iliyofuata wakapanda kakao. Kakao inapenda kivuli na udongo ambao haujachoka, yaani msitu wa jana. Desemba iliyopita bei ilivuka dola 12,000 kwa tani kule New York, na hata mwalimu wa shule ya msingi akatafuta kipande cha msitu.

Kuvu moja isiyoonekana kwa macho ilitufukuza kwenye kahawa na kutusukuma hadi ukingo wa msitu. Sasa sisi ndio tunazifukuza nyingine.


Kasindi, Jumapili 6 Aprili

Misa. Mvua kidogo. Kwaresima inaelekea kwisha na nyumba nzima imechoka maharage.


Jumanne 8 Aprili

Siku ya soko. Ng’ambo Mpondwe walikuwa tayari wameuza nusu ya samaki wakati sisi tunafungua mlango, maana saa yao iko mbele ya yetu kwa saa moja, na ukivuka daraja asubuhi umechelewa hata kama umewahi.

Upande wetu, nyuma ya wauza sombe, nilimkuta bibi mmoja mzee, Koko kama tunavyowaita huku, ametandaza kitenge na kupanga mafungu ya uyoga uliokaushwa kwa moshi. Ni mkimbizi wa ndani, kwao ni upande wa Mambasa. Wajukuu waliobaki kule wanamtumia mzigo kwa pikipiki wakati njia inapitika. Kwaresima ndiyo inayomuuzia: asiyekula nyama anakula uyoga.

Fungu moja lilikuwa na uyoga mdogo, mweusi, uliokunjamana. Nikageuza mmoja. Chini ya kofia hapakuwa na vile visu vyembamba vya uyoga wa kawaida. Palikuwa na mikunjo minene inayoteremka hadi kwenye shina. Hiyo ni alama ya jamii ya Cantharellus, ile ambayo Wafaransa wanailipia pesa nyingi.

“Koko, huu mmeuokota wapi?”

“Chini ya mbau.”

“Hauoti chini ya muti mwingine?”

Akanitazama kama mtu anayepima kama inafaa kujibu. “Mwanangu, uyoga wa mchwa unafuata mchwa. Wa gogo unafuata gogo. Huu iko mutoto wa mbau. Mukikata mama yake, mutakula nini?”

Nikamuuliza kama siku hizi anaupata sawa na zamani. Akasema mahali alipokuwa akichuma na mama yake pako barabara na mikakao. Sehemu ya pili iko mbali zaidi, na huko wanaingia wanaume wenye bunduki. Sehemu ya tatu haitaji kwa mtu yeyote, hata kwa wajukuu anawaambia nusu tu. Nilimuelewa. Mchumaji wa uyoga akitaja mahali pake, mwaka unaofuata anakuta nyayo za wengine.

Nimenunua fungu zima. Nusu tumekula na bugali, nusu nimeifunga kwenye bahasha.


Jumamosi 12 Aprili, usiku

Umeme umekaa hadi saa nne, nimesoma.

Uyoga wa Kongo uliingia kwenye vitabu kwa sehemu kubwa kwa mkono wa mwanamke mmoja. Bibi Goossens-Fontana aliishi Binga, kule Equateur, na tangu miaka ya 1920 alikuwa akiokota uyoga na kuuchora kwa rangi za maji siku ileile, kwa kuwa uyoga ulioning’inia jua moja hauna tena rangi wala umbo la kuaminika. Alituma michoro na vielelezo Ubelgiji, na Maurice Beeli akavipa majina. Mwaka 1928 Beeli alitangaza Cantharellus congolensis, uyoga wa kijivu cheusi ambao ukiusugua unazidi kuwa mweusi. Mwaka 1935 likatoka toleo la kwanza la kitabu cha picha za uyoga wa Kongo. Michoro na vielelezo viko Meise, nje kidogo ya Brussels.

Sitauita wa Koko kwa jina hilo. Uyoga uliokaushwa kwa moshi umepoteza nusu ya ushahidi. Lakini jamii ni hiyo.

Nafikiria okapi. Mwaka 1901 Harry Johnston aliwasilisha ngozi na mafuvu yaliyotoka Fort Mbeni, hapa hapa kwetu kando ya Semuliki, na Ulaya nzima ikasisimka kwamba kuna mnyama mkubwa hivyo ambaye hawakumjua. Watu wa msituni walikuwa wakimjua na kumla tangu zamani. Okapi alibahatika kuwa na miguu yenye mistari. Mnyama mzuri anapata noti, stempu na hifadhi kwa jina lake. Uyoga mweusi wa Kwaresima unapata kitenge sokoni. Sina kinyongo na okapi. Hifadhi ya Okapi kule Epulu, iliyoanzishwa mwaka 1992, ndiyo inayolinda sehemu kubwa ya mbau iliyobaki Ituri, na uyoga wa chini yake umepata hifadhi bila kuomba.


Jumatatu 14 Aprili

Kichuguu kikubwa kilichokuwa nyuma ya kituo cha kupimia kakao kimekwisha. Vijana wamekichimba kwa siku chache, wamefyatua matofali, wamerundika tanuri. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali, umekwisha kuchekechwa na mchwa. Kasindi inajengwa haraka: mpaka, lami inayokuja, maduka.

Mama wa nyumba ya jirani amenung’unika kwamba pale ndipo alipokuwa akipata uyoga kila mvua za Aprili. Ana haki. Uyoga wa mchwa, Termitomyces kama alivyouita Roger Heim mwaka 1942, hauoti peke yake. Mchwa wanatafuna majani makavu na miti, wanajenga nayo sega ndani ya kichuguu, na kuvu inalowea kwenye sega na kulainisha chakula chao. Mvua ikinyesha sana kuvu inapeleka shina refu hadi juu ya ardhi na kufungua kofia. Wanafanya kilimo hicho kwa miaka inayokaribia milioni 30, sisi na kakao yetu hatujamaliza hata karne. Ule wa Zambia, Termitomyces titanicus, uliopewa jina mwaka 1980, unaweza kufikisha kofia ya mita moja.

Aina hizi hazijawa adimu, bado zinajaa sokoni. Lakini nimewaza kwamba kichuguu ni kitu ambacho mtu anaweza kukilinda bila serikali wala mradi. Kinaonekana, kina mpaka, kinajulikana ni cha nani. Nimemwambia mkubwa wa wale vijana aache angalau vile viwili vya kando ya mfereji. Amesema ataangalia. Maana yake hapana.


Jumatatu 21 Aprili, Pasaka ya pili

Leo Hifadhi ya Virunga imetimiza miaka 100. Ilitangazwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la Mfalme Albert, ya kwanza barani Afrika. Nilikuwa nimepanga kuandika ukurasa mzima juu yake.

Saa nne kasoro asubuhi redio ikasema Baba Mtakatifu Fransisko amefariki Roma. Kengele. Jirani zangu, ambao jana walikuwa wakicheza ngoma za Pasaka, wamekaa kimya barazani. Watu wa huku hawakumsahau: Februari 2023 kule Kinshasa alikaa na watu kutoka Butembo na Beni na kuwasikiliza wakieleza mateso yao na jinsi walivyopoteza ndugu. Hapa Kasindi, majuma mawili kabla ya siku hiyo, bomu lilikuwa limeua watu ndani ya kanisa wakati wa ibada. Nani leo angekumbuka miaka 100 ya hifadhi?

Jioni nikafungua Laudato Si’, barua yake ya mwaka 2015. Nilikuwa nakumbuka kwamba anataja bonde la Kongo pamoja na Amazon. Nilichokuwa sikumbuki ni aya ya 34, ambamo anataja kuvu kwa jina, pamoja na mwani, minyoo, wadudu na viumbe visivyoonekana, kwamba bila hivyo maumbile hayaendi. Ni mara chache kiongozi wa ngazi hiyo akumbuke kuvu. Wanasiasa wanaokuja hapa huishia kwenye sokwe.

Kuhusu hifadhi yenyewe: zaidi ya walinzi 200 wamekufa kazini. Ndani ya mpaka wake kuchuma chochote ni kosa, uyoga ukiwemo. Mama aliyekamatwa na kikapu haoni tofauti kati yake na mwizi wa pembe. Sheria inaulinda uyoga dhidi ya mtu ambaye peke yake anaujua. Pamoja na hayo, kama siyo ule mpaka, kutoka Kasindi hadi Lume pangekuwa mashamba matupu. Nasema haya huku najua jirani wangu mmoja alinyang’anywa jembe ndani ya mpaka huo na hatanisamehe nikimsomea ukurasa huu.


Karibu na Makeke, Ijumaa 25 Aprili

Nimeletwa mbali. Tumepita Beni, tumepita Mangina, bariera baada ya bariera, mpaka pale Kivu Kaskazini inapokwisha na Ituri inapoanza. Tajiri anayenunua kakao anataka nukta za ramani za huku kwa sababu huku ndiko kakao inakotoka siku hizi.

Na huku ndiko mbau iko.

Sijui nianzie wapi. Unatembea kwenye mashamba yenye joto na nzi, mara unaingia mahali ambapo hewa inapoa na sauti zinapungua. Karibu miti yote mikubwa ni ya aina moja: Gilbertiodendron dewevrei. Majani yao makubwa yameanguka na kulaliana chini, mazito, karibu hakuna magugu. Terese na John Hart walichunguza msitu wa namna hii kule Epulu miaka ya 1980 wakijiuliza kwa nini katikati ya msitu wenye aina mamia, mti mmoja unaamua kutawala hekta nyingi peke yake. Mwaka 1999 Torti na Coley walichimba mizizi huko Ituri, wakakuta mbau ina kuvu ambayo nyuzi zake zimevaa ncha za mizizi kama soksi. Mti unaipa kuvu sukari inayotengenezwa na majani. Kuvu inautafutia mti fosforasi na naitrojeni katika yale majani yanayooza, sehemu ambazo mzizi wenyewe haufiki. Uyoga wa Koko ni tunda la soksi hiyo.

Hapo ndipo kakao inapoyadanganya macho ya setilaiti. Mkakao nao una kuvu kwenye mizizi, lakini ni ya jamii nyingine kabisa, isiyotoa uyoga wowote juu ya ardhi. Mkulima anaweza kuacha miti mirefu ya kivuli, ramani ikaonyesha kijani, mnunuzi akaridhika. Mbau ikiwa imeondolewa, zile nyuzi hazina pa kula. Na haziwezi kupandwa. Uyoga unaoota juu ya maganda ya kahawa watu wa Butembo wanaufuga ndani ya nyumba na kuuza hotelini. Huu wa mbau hadi leo haujafugika, hauishi bila mzizi ulio hai. Tena mbau yenyewe inarudi polepole: mbegu zake ni nzito, zinaanguka chini ya mama yao na kubaki hapo. Msitu wa aina nyingine ukikatwa, ndege na upepo wanaurudishia mbegu. Huu hauna mjumbe.

Tumeuona uyoga wenyewe, ukiwa hai, pembeni ya kijito: kikundi cha kijivu cheusi chenye kingo zilizojikunja, na hatua chache mbele aina nyingine ya manjano yenye madoa mekundu ya kahawia. Nimepiga picha juu, chini, kando. Nimechimba shina hadi mwisho. Nimeandika mti, udongo, harufu. Kofia moja nimeiweka juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, imwage vumbi la mbegu zake usiku.

Mwenye shamba ni mwanaume wa makamo, mwenye heshima. Amenikaribisha ndizi na chai. Hekta zake mbili za kakao zinagusana na msitu huo, na msitu ni wa ukoo wao, anasema, ingawa hakuna karatasi. Alikuwa ameshapiga alama kwenye miti ya kuangusha.

Nilimweleza habari ya uyoga. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Mama, nimekuelewa. Lakini uyoga haulipi minerval ya watoto.”

Sikuwa na jibu la hilo, na sidhani kuna jibu. Nikamweleza jambo la pili: nikiweka nukta ya simu pale alipotaka kukata, ramani ya mwaka 2020 itaonyesha msitu, na kakao ya pale haitapokelewa na mnunuzi wa Ulaya. Hapo aliweka kikombe chini.

“Kwa hiyo mzungu anajua mti wangu hata kabla sijaukata?”

“Anajua.”

“Na nikiipeleka kakao Kasindi, ivuke?”

Hilo nalo sikulijibu, kwa sababu wote wawili tunajua. Kakao nyingi ya huku inavuka mpaka kimyakimya na kuuzwa Uganda kama ya kule, na nukta zangu zote zinabaki huku kama vocha zilizotumika. Kasindi ndipo sheria nzuri ya Brussels inapovujia. Naishi juu ya tundu lenyewe.


Beni, Jumapili 27 Aprili

Jana televisheni za mji mzima zilikuwa Roma, kwenye mazishi ya Baba Mtakatifu.

Vumbi la mbegu kwenye karatasi lilikuwa la rangi ya krimu, limeonekana upande mweusi. Nimekausha vielelezo juu ya taa ya mafuta, polepole, visiive. Nimevifunga na tarehe na mahali.

Hapa Beni kumejaa. Tangu Goma ilipoanguka Januari, ofisi za mkoa zimehamia huku, na bei ya chumba imepanda kuliko ya kakao.


Kasindi, Ijumaa 2 Mei

Nimekaa na Koko tangu saa tatu hadi adhuhuri, na daftari. Nimemwonyesha picha. Akacheka: “Weye umefika kwangu.” Si mahali pake, lakini ni mbau, na kwake mbau yote ni kwao.

Amenitajia aina moja baada ya nyingine na mimi nimeandika jina analolitumia, mti, mwezi, jinsi ya kupika, na ipi inachemshwa na maji kumwagwa kwanza. Kuna moja anasema haijaonekana tangu vita ya kwanza, nyeupe, kubwa, yenye pete shingoni. Nilipomuuliza kama imekwisha au kama ni yeye ambaye hafiki tena inakoota, alikaa muda. “Yote mbili ni kitu kimoja kwangu.”

Hilo ni swali ambalo IUCN ingependa jibu lake na haiwezi kulipata kwa ndege. Kule Tshopo watafiti wa Kongo, Héritier Milenge Kamalebo na wenzake, walikwenda vijiji vya karibu na Yangambi na Yoko, wakauliza watu wanakula aina zipi na wanaziitaje, na mwaka 2018 wakachapisha. Tanzania nao wana kitabu cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi cha mwaka 2003, kilichojengwa juu ya mazungumzo ya namna hiyohiyo vijijini. Sisi tuna vita, tuna wachumaji waliotawanyika Oicha, Beni, Butembo, hapa mpakani, ng’ambo Bwera, kila mmoja na sehemu yake ya tatu asiyoitaja. Msitu ukibaki na wao wakiisha, tutakuwa na uyoga ambao hakuna anayejua kama unaliwa au unaua. Wageni wa msituni tayari wanakufa kwa kufananisha.

Wapo wanaosema kazi hii ingoje amani. Corneille Ewango hakungoja. Wakati wa vita kule Epulu alibaki, akaficha kompyuta na takwimu, akaokoa mimea iliyokaushwa ya miaka mingi ya utafiti. Mwaka 2005 alipewa Tuzo ya Goldman. Bila majani yale makavu, leo tungekuwa tunasema tu kwamba Ituri ni tajiri wa miti bila kuwa na kielelezo mkononi.

Nimemlipa Koko nusu siku ya kibarua. Alikataa, akakubali, akarudisha franga chache za “kununulia kalamu”.


Ijumaa 9 Mei

Motari, dereva wa pikipiki, ameniambia njia ya huko ninakotaka kurudi haipitiki kwa sasa. Sikuuliza zaidi. Watu wanaovuna kakao huku wanajua maana ya maneno hayo tangu 2014: mauaji yanafuata mavuno, shambani, mchana.

Kuna wanaosema vita imelinda msitu, kwamba watu wakiogopa miti inapumzika. Nimeisikia hoja hiyo hata kutoka kwa mtu aliyesoma. Waende waone mbao zinazopita usiku, na makaa, na wakimbizi waliorundikana kwenye kilima kimoja wakikata kilichopo. Hofu inahamisha shoka tu.


Jumamosi 17 Mei

Mwenye shamba wa Makeke amepiga simu. Hajakata. Anasema ukoo umekaa, wazee wameuliza kama ile ramani ya mzungu inaweza pia kuwatetea wao dhidi ya mgeni atakayekuja na karatasi kutoka mjini. Kumbe hilo ndilo linalowanyima usingizi: kwamba wakiacha msitu umesimama, mwenye pesa atasema ni mtupu na kuuchukua. Wanakata ili waonekane wapo.

Nimekaa jioni nzima na sheria. Januari serikali ilitangaza Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita za mraba 540,000. Kubwa mno kwangu, sijui mtu wa ukoo anashika wapi. Lakini kuna dekreti nambari 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 juu ya misitu ya jamii. Jamii inaweza kuomba msitu wake wa kimila, hadi hekta 50,000, na ikipewa inapewa bure na kwa muda usio na mwisho. Ndani yake wao ndio wanaopanga: wapi patalimwa, wapi patachumwa, nani aingie. Mama anayechuma uyoga chini ya mbau anakuwa na haki ya kuchuma kwa maandishi, na anayetaka kuangusha mbau anakutana na ukoo mzima kabla ya kukutana na mti. Kwa uyoga huu sioni ulinzi mwingine unaofanya kazi. Orodha Nyekundu haiufahamu, mnunuzi wa Ulaya anatafuta kijani tu, hifadhi haifiki kule.

Nimemjibu kwamba nitawachorea ramani bila malipo, mara njia itakapofunguka, na kwamba kwenye orodha ya mali ya msitu, baada ya mbao, asali na nyama, waandike uyoga, aina kwa aina, kwa majina ya mama zao. Ameuliza kama watalazimika kusafiri hadi Goma kupeleka ombi. Anayesaini ni gavana wa mkoa, na ofisi yake kwa sasa iko Beni.